UZI: Mizimu ya Japani ilishahama makaburini, siku hizi inapanda teksi na kupanga vyumba

Mgeni wa Sendai (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna mtu juzi aliuliza humu kama Wajapani, pamoja na treni zao za mwendokasi na vyoo vya kubonyeza vitufe, bado wanaamini mizimu. Wengi mkamjibu kwamba hayo ni mambo ya filamu tu. Nimeshindwa kuvumilia. Naishi huku mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani, na ninavyoona mimi mizimu huku haipungui mji unapokua. Inahama na watu. Kikija kitu kipya, iwe shule ya ghorofa, simu au intaneti, hakikai muda mrefu kabla hakijapata mzimu wake.

Tuwekane sawa kidogo. Kuna yurei, huyu ni binadamu aliyekufa na kinyongo au na jambo ambalo halijaisha, naye humwandama mtu. Halafu kuna yokai, viumbe wa kila sampuli, wengi hawajawahi kuwa binadamu, na mara nyingi wana kituo chao: mto ule, daraja hili, njia panda ile. Hawa wa kisasa wamechanganya tabia zote mbili, kwa hiyo msinibane sana kwenye mipaka.

Naanza na mwanamke aliyeitikisa Japani nzima mwaka 1979. Anaitwa Kuchisake-onna. Wewe ni mtoto wa darasa la nne, umetoka tuisheni, giza limeshaingia. Mbele yako kasimama dada mwenye koti refu na barakoa mdomoni. Barakoa huku si ajabu, watu huvaa kwa mafua na kwa mzio wa chavua, hivyo hushtuki. Anakuuliza, "Mimi ni mzuri?" Unamjibu ndiyo, maana umefundishwa adabu. Anavua barakoa, mdomo umechanwa kutoka sikio hadi sikio. "Hata hivi?" Ukisema hapana, anakumaliza. Ukisema ndiyo, anatoa mkasi akuchane ufanane naye. Na kukimbia usijisumbue, watoto wa wakati ule walikuwa wanaapa kwamba anakata mita 100 kwa sekunde chache kuliko mwanariadha yeyote.

Watoto wakatafuta dawa. Mjibu "uko kawaida tu", abaki ameduwaa wakati wewe unatoka mbio. Mrushie pipi ngumu za sukari ya kuunguza, atainama kuziokota. Au tamka mara tatu jina la yale mafuta mazito ya nywele za wanaume, pomade. Eti daktari aliyemharibu mdomo kwenye upasuaji alikuwa kayapaka kupita kiasi, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia hata kuyasikia yakitajwa.

Uvumi ulianzia mkoa wa Gifu mwishoni mwa 1978. Januari 1979 gazeti la huko likauandika, na ilipofika Juni nchi nzima ilikuwa inatetemeka. Kumbukeni hapakuwa na intaneti. Njia kubwa ilikuwa hizo hizo tuisheni, kwa sababu pale ndipo watoto wa shule tofauti walipokutana kila jioni, kila mmoja akarudi mtaani kwake na mzigo. Shule zikaanza kuwarudisha watoto nyumbani kwa makundi. Polisi wa Koriyama kule Fukushima na wa Hiratsuka karibu na Tokyo wakaongeza doria. Mjini Himeji dada mmoja wa miaka 25 alijipamba kama yeye, akashika kisu cha jikoni, akaingia mtaani kufanya mzaha. Polisi wakambeba kwa kosa la kutembea na silaha. Kisha likizo ya Agosti ikafika, tuisheni zikatulia, na mwanamke naye akatulia.

Naendelea chini. Msinikatishe.

Kapteni wa Mkoani

Lazima nikukatishe mkuu. Hii ni popobawa mtupu! Sisi wa Pemba mwaka 1995 tulilala nje, ukoo mzima kwenye majamvi, moto unawaka, mtu hathubutu kuingia ndani kulala. Ikavuka Unguja. Mwaka 2007 ikasikika Dar. Na popobawa ana sharti kwamba aliyekutwa lazima awasimulie wenziwe, la sivyo anarudi. Huyo wa barakoa hana sharti hilo?

Mgeni wa Sendai

Kapteni, hoja ya maana hiyo. Yeye hana, ila wapo wa huku wanaofanana na huyo wenu. Yupo Teke Teke, msichana aliyekatwa vipande viwili na treni, anakwenda kwa mikono huku viwiko vikigonga lami, teke teke teke. Katika baadhi ya simulizi zake, ukishaisikia tu habari yake basi atakujia ndani ya siku chache. Tofauti ninayoiona ni kwamba popobawa aliingia ndani akawakuta watu wazima vitandani, ila huyu wa barakoa aliwasubiri watoto nje, saa ambazo kizazi kabla yao kilikuwa kimeshalala. Wazazi wa miaka ya 1970 walitaka mtoto aingie chuo kikubwa, wakamtoa nje usiku peke yake na begi la vitabu. Mtoto akakutana na kilichoko nje usiku.

Hesabu Kali

Samahani kwa kuharibu sherehe. Wajapani wenyewe wasomi hawaamini huo upuuzi. Ni hofu tu ya watoto, na wewe mleta mada unatupigia hadithi.

Mgeni wa Sendai

Hesabu Kali, umenifungulia mlango. Kuna msomi wao aliyelitumikia wazo lako hilo maisha yake yote. Inoue Enryo, mwanafalsafa, ndiye aliyeanzisha mwaka 1887 shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Toyo hapo Tokyo. Alizunguka nchi nzima akikusanya visa vya mizimu ili avivunje kimoja kimoja kwa sayansi.

Kesi yake maarufu ni Kokkuri-san. Miaka ya 1880 watu walikuwa wanafunga mianzi mitatu, wanaweka sinia juu, wanaigusa kwa vidole na kuiuliza maswali. Sinia linainama, wanasema ni roho ya mbweha imejibu. Enryo akafuatilia, akaambiwa mchezo umeletwa na mabaharia wa Kimarekani waliokwama Shimoda, waliokuwa wakichezesha meza kwa mtindo huo huo kwao. Akaeleza kwamba ni misuli ya wachezaji wenyewe inayosukuma bila wao kujua. Kesi imefungwa.

Basi nenda kwenye shule za Japani za miaka ya 1970, karibu karne nzima baadaye. Kokkuri-san yupo darasani, safari hii kwa karatasi yenye herufi na sarafu ya yeni 10 chini ya vidole vya wanafunzi, na walimu wanapiga marufuku kwa sababu watoto wanazimia. Maelezo ya Enryo ni sahihi kabisa, hata mimi nayakubali. Ila hayakumfukuza mbweha.

Binti Tanga

Achana naye kaka, leta ya vyooni. Uzi wako tangu mwanzo unanukia vyoo 😂

Mgeni wa Sendai

Haya dada. Hanako-san. Muulize mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Japani miaka ya 1980 au 1990. Ghorofa ya tatu, choo cha wasichana, mlango wa tatu. Unagonga mara tatu, unauliza, "Hanako-san, upo?" Ndani sauti ndogo inajibu, "Nipo." Ukifungua utamkuta mtoto wa kike mwenye sketi nyekundu na nywele za kukata mviringo. Kinachofuata kinategemea shule yako. Kuna shule anakuvuta ndani, kuna shule anataka tu mcheze.

Mbaya ni wa choo kingine, yule anayeuliza karatasi. Umekaa, karatasi imekwisha, unasikia: "Nikupe nyekundu au ya buluu?" Nyekundu, unachinjwa. Buluu, unanyonywa damu hadi unabadilika rangi. Wajanja waliotaja rangi ya tatu nao wana hadithi zao, na hazina mwisho mzuri.

Mtaniuliza kwa nini vyooni. Shule za huko ni majengo marefu ya zege yenye korido ndefu, na choo ndicho chumba pekee ambacho mtoto anajifungia peke yake, mchana kweupe, katika siku ambayo kila kitu kingine anakifanya na wenzake thelathini. Wanakula pamoja, wanafagia pamoja, wanaimba pamoja. Hanako ana eneo lake.

Halafu kulikuwa na yule mbwa wa 1989 mwenye uso wa mzee wa makamo. Anachakura takataka mjini, ukimfukuza anakugeukia na kusema, "Niache." Basi, hana lingine. Hadhuru mtu, kachoka tu. Huyo nampenda kuliko wote.

Fundi Redio

Nimecheka huyo mbwa mpaka jirani kagonga ukuta. Mkuu umesema intaneti nayo ina mzimu?

Mgeni wa Sendai

Inayo, na imezaliwa ndani ya uzi kama huu.

Tarehe 8 Januari 2004, usiku wa saa tano hivi, kwenye jukwaa kubwa la Kijapani la 2channel, chumba cha mambo ya ajabu. Mtu anayejiita Hasumi anaandika kwamba yuko kwenye treni anayopanda kila siku, laini ya mji wa Hamamatsu mkoa wa Shizuoka, lakini leo kuna kitu hakiko sawa. Kawaida inasimama kila baada ya dakika tano hadi nane, na sasa zimepita zaidi ya ishirini haijasimama. Abiria wengine wote wamelala. Wachangiaji wanamwambia nenda kwa dereva. Anagonga, kimya. Hatimaye treni inasimama, anashuka. Kibao kinasema Kisaragi. Hakuna mtumishi, hakuna nyumba, hakuna ratiba ukutani. Anawapigia wazazi, wanatafuta kwenye ramani, hawakioni. Anapiga polisi, wanadhani anawatania.

Fikirini wale wachangiaji, mamia ya watu macho kwenye skrini, kila mmoja na ushauri wake. Baki hapo. Usibaki. Fuata reli. Anafuata reli. Anasikia ngoma na kengele kwa mbali. Mzee mwenye mguu mmoja anatokea nyuma yake, anampigia kelele asitembee relini ni hatari, kisha hayupo. Anapita handaki. Upande wa pili anampata mtu mwenye gari, anakubali lifti. Wachangiaji wanapiga yowe: shuka! Saa tisa usiku na ushee anaandika kwamba dereva ameacha kuongea vizuri, anabwabwaja maneno yasiyoeleweka, gari linaelekea milimani, na betri ya simu inakwisha. Atajaribu kukimbia. Uzi ukaishia hapo.

Kama lilikuwa igizo, basi ni igizo la mtu aliyeijua silaha yake. Hakutaka damu wala sura ya kutisha. Alichohitaji ni ratiba ya treni. Katika nchi ambayo treni ikichelewa dakika chache unapewa karatasi ya kumwonyesha bosi, treni isiyosimama kwa dakika ishirini inatosha kabisa kumtoa mtu jasho.

Binti Tanga

Mimi simu yangu ina asilimia 9 na niko kwenye daladala. Asante sana kwa hii.

Dada wa Nakuru

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, niko upande wa Osaka, ninasoma na jioni nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naomba niongeze yangu, haitishi sana.

Kila mzee ana kitufe kando ya kitanda cha kuita mhudumu. Kikibonyezwa, ubao wetu unawaka taa na namba ya chumba. Usiku mmoja nilikuwa zamu na mama mmoja Mjapani wa miaka sitini hivi, mzoefu. Taa ikawaka ya chumba ambacho mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi ile, kwa jeneza. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Nilimwangalia yule mama, nikijua fika mimi siendi. Akainuka polepole, akachukua tochi, akaenda. Nikamfuata nyuma kwa sababu kubaki peke yangu kulikuwa kubaya zaidi. Akafungua mlango, akainama vizuri kabisa kama anavyomwinamia msimamizi, akasema "otsukaresama deshita". Ni maneno tunayoambiana kila siku tukimaliza zamu, kumshukuru mwenzako kwa kazi ya siku. Akafungua dirisha kidogo. Tukarudi, akaendelea kukunja taulo, hakuligusia tena.

Inaweza kuwa waya tu, najua. Fundi alikuja baadaye akabadilisha kile kitufe. Lakini mimi ningekimbia na kuomba kwa sauti, na yeye alimuaga mtu.

Ustaadh Mpole

Dada, hao ni majini tu wanaojifanya marehemu. Maiti harudi. Wasomeeni Ayatul Kursiy mlale salama.

Mgeni wa Sendai

Ustaadh, imani yako naiheshimu na sitabishana nawe. Ila huku ndugu wa marehemu hawamfukuzi akija. Kila mwaka wakati wa Obon, katikati ya Agosti sehemu nyingi, wafu wanarudi nyumbani siku chache na wenyeji wanawaandalia usafiri. Wanachukua tango, wanalitia vijiti vinne, hilo ni farasi wa kuwaleta mbio. Wanachukua biringanya, wanalitia vijiti vinne, huyo ni ng'ombe wa kuwarudisha taratibu, na mizigo yao. Nimeona haya kwa jirani yangu, kwenye kibaraza, pembeni ya mashine ya kufulia. Tango lilikuwa limeanza kunyauka kwa joto na bibi akatoka kulibadilisha, asije babu akapata farasi mchovu.

Ndiyo maana pia hadithi za kutisha huku ni za kiangazi. Hata michezo ya mizimu ya kabuki, yale maigizo yao ya jadi ya jukwaani, inachezwa wakati wa joto. Ile ya Oiwa ya mwaka 1825, mwanamke aliyetiliwa sumu, anachana nywele mbele ya kioo na zinatoka mafungu mafungu na damu, mpaka leo waigizaji wanakwenda kwanza kwenye madhabahu yake hapo Yotsuya, Tokyo, kumwomba ruhusa. Wote mnaowajua wa kwenye filamu, nywele nyeusi zimefunika uso na gauni jeupe, ni wajukuu zake. Nyeupe ni nguo ya maziko.

Fundi Redio

Na kichwa cha uzi kinasema wanapanga vyumba.

Mgeni wa Sendai

Sasa tuingie kwenye pesa. Ukitafuta chumba huku utaona mahali kodi imeshuka ghafla, jengo zuri, stesheni karibu, nusu ya bei ya majirani. Angalia chini kabisa ya tangazo kwa maandishi madogo: "kuna jambo la kufahamishwa." Hiyo inaitwa jiko bukken, na jikoni haihusiki. Maana yake ndani humo kuna mtu alijiua, aliuawa, au alikufa peke yake akakaa wiki nyingi bila kugundulika. Hilo la mwisho limekuwa janga, maana wazee wengi wanaishi peke yao.

Nilipokuwa natafuta chumba, dalali alinipitisha kwenye makaratasi yake, akafika kwenye moja, akasita, akaigeuza haraka. Nikamwambia rudi nyuma. Akanyooka kwenye kiti, akaweka mikono magotini, akanieleza kila kitu kwa lugha ya heshima ya juu kabisa, kana kwamba marehemu kakaa nasi mezani. Sikukichukua. Rafiki yangu Mkongomani alikichukua wiki hiyo hiyo na anasema shida yake kubwa ni baridi ya dirishani.

Serikali imeliingilia suala hili. Oktoba 2021 Wizara ya Ardhi na Uchukuzi ilitoa mwongozo: kifo cha kawaida cha uzee au ugonjwa, au ajali ya nyumbani kama kuteleza bafuni, dalali halazimiki kukitaja. Kujiua, mauaji, au maiti iliyochelewa kugundulika hadi chumba kikahitaji usafi maalumu, anatakiwa amwambie mpangaji kwa takriban miaka mitatu. Kwenye kuuza nyumba muda huo wa kikomo haukuwekwa. Na ukiuliza mwenyewe, lazima akujibu, hata kama miaka imepita. Kuna tovuti ya Oshima Teru, ipo tangu 2005, ni ramani ya vyumba vya namna hiyo, na kila penye kifo pamewekwa alama ya moto. Tokyo ukiitazama humo inawaka.

Mwongozo hautamki neno mzimu popote. Unazungumzia mambo yanayoweza kubadilisha uamuzi wa mteja. Lakini hiyo miaka mitatu hamuioni? Wamekaa vikao wakakubaliana doa la kifo linafifia kwa muda gani.

Hesabu Kali

Hiyo ni soko tu. Bei inashuka kwa sababu wateja waoga.

Mgeni wa Sendai

Sawa, soko. Basi nikupeleke sehemu ambayo soko limeshindwa. Otemachi, Tokyo, katikati ya benki na ofisi kubwa kubwa, ardhi ya bei mbaya. Katikati ya maghorofa kuna kiwanja kidogo chenye jiwe na maua. Ni pale kinapoaminika kuzikwa kichwa cha Taira no Masakado, mpiganaji aliyeasi na kuuawa mwaka 940. Baada ya tetemeko la 1923 Wizara ya Fedha ilijenga jengo la muda juu yake. Mwaka 1926 waziri Hayami Seiji akafariki, na maofisa wengine kadhaa wakafuata, na wengine wakaumia miguu. Wizara, naam, ya Fedha, ikaondoa jengo na kufanya ibada. Baada ya vita Wamarekani walitaka kusawazisha eneo, inasimuliwa kwamba buldoza lilipinduka na dereva akafa. Likaachwa. Mwaka 2021 limekarabatiwa vizuri kabisa, na maghorofa yanazidi kuota pembeni yake.

Kapteni wa Mkoani

Huyo hata Kariakoo angeheshimiwa. Mkuu, ya teksi umeiweka mwisho makusudi.

Mgeni wa Sendai

Ndiyo, kwa sababu hii ni ya huku kwetu Miyagi, na watu wake nawaona dukani.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la 9.0, kisha tsunami. Waliokufa na waliopotea ni zaidi ya 18,000. Mji wa Ishinomaki peke yake ulipoteza zaidi ya watu 3,000. Mtaa wa Minamihama, uliokuwa nyumba na nyumba mpaka ufukweni, ukabaki uwanja.

Mwanafunzi wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Tohoku Gakuin hapa Sendai, katika kundi la Profesa Kanebishi Kiyoshi, akaenda kuwauliza madereva teksi wa Ishinomaki kama wamewahi kukutana na jambo lisilo la kawaida tangu maafa. Aliuliza zaidi ya mia moja. Wengi walimpuuza, wengine walikasirika. Saba wakamsimulia, na matokeo yakaandikwa magazetini mwaka 2016.

Mmoja alisema miezi michache baada ya tsunami, kiangazi kinaanza, alipakia mwanamke karibu na stesheni, amevaa koti la baridi. "Minamihama." Dereva akamwambia kule pamebaki patupu, je, ana uhakika? Kimya. Kisha sauti inayotetemeka: "Kwani mimi nimekufa?" Akageuka. Kiti kitupu. Mwingine alipakia kijana aliyekuwa anaonyesha tu kwa kidole mbele, akataja kilima cha Hiyoriyama, kile ambacho watu walikikimbilia siku ile. Kufika, hayupo.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niiamini zaidi ya zote, au tuseme niiheshimu. Mita. Dereva akipakia abiria anawasha mita, na mita ikishawaka safari imeandikwa. Wale madereva walikuwa na safari kwenye kumbukumbu zao ambazo hazina mlipaji, wakailipa nauli wenyewe mfukoni. Na walipoulizwa kama waliogopa, walisema hapana. Watu wengi wamekufa hapa ghafla, ni kawaida wawepo wanaotaka kufika nyumbani. Akija mwingine, nitampakia. Kuna waliokuwa wamefiwa wao wenyewe.

Kule bara kidogo, Kurihara, yupo kasisi wa Kibudha, wa madhehebu ya Zen, anaitwa Kaneta Taio. Baada ya maafa alipita kwenye makazi ya muda na gari lenye kahawa na keki, akikaa tu na watu waongee. Walianza kumletea mambo haya. Fundi ujenzi mmoja alikwenda ufukweni kutazama uharibifu, akala aiskrimu huko, akarudi nyumbani salama. Jioni akaanza kutambaa kwa mikono na miguu kama mnyama, akifoka kwamba wote lazima wafe. Asubuhi hakumbuki. Kaneta alimsomea sutra, yaani maandiko ya Kibudha, akamrushia maji matakatifu, akapoa. Kisha alimgombeza: umekwendaje kwenye makaburi ya watu na aiskrimu mkononi?

Dada wa Nakuru

Hapo kwa mita nimenyamaza.

Hesabu Kali

Sina la kusema kwa wale madereva. Nauli wamelipa wao, siwezi kuwaita waongo.

Binti Tanga

Kaka, swali la mwisho kabla hatujafungiwa uzi. Nimesikia kuna wanawake huko wanaita wafu na kuongea kwa niaba yao. Bibi yangu alifariki Masasi kabla hajaniambia shamba la mikorosho lina mpaka wapi, na wajomba wanazidi kusogeza vigingi. Nikija naweza kumwita?

Mgeni wa Sendai

Unaweza kujaribu. Wanaitwa itako, kwa desturi ni wanawake vipofu waliofunzwa kazi hiyo tangu usichana. Wamebaki wachache sana. Nenda Mlima Osore, mkoa wa Aomori, kwenye tamasha la tarehe 20 hadi 24 Julai. Shuka stesheni ya Shimokita, panda basi la mlimani, utasikia harufu ya kiberiti kabla hujaona hekalu. Utakaa kwenye foleni, ikifika zamu yako unamtajia jina la marehemu na siku aliyofariki, atasugua shanga zake na kuimba, kisha bibi atakuja.

Tatizo ni moja. Atakuja akiongea kilugha cha Aomori, ambacho hata watu wa Tokyo hawakisikii vizuri. Kwa hiyo utahitaji wakalimani wawili: wa kukutoa Aomori mpaka Kijapani cha kawaida, na mimi nikutoe hapo mpaka Kiswahili. Wajomba wakikataa ushahidi huo barazani, usinitaje.